Majani ya Kunywa na Dawa ya Kupimwa

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja barazani, mbele ya wakulima wa milima ya Usambara na watu wa Bonde)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya majani, mizizi na magome tunayochemsha na kunywa majumbani mwetu. Huenda mtu akasema moyoni mwake, "Karani huyu ana nini cha kutueleza juu ya mchaichai, na bibi zetu walikuwa wakiuchuma kabla yeye hajazaliwa?" Swali hilo ni la haki. Sikuja kuwafundisha bibi zetu kuchemsha majani. Nimekuja kuzungumza habari ya kitu kimoja ambacho makarani na wakulima sote twakifahamu vizuri, nacho ni mizani.

Katika milima hii watu hulima iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Siku ya kuuza, hapana mkulima akubaliye iliki yake ikadiriwe kwa macho. Husimama karibu ya mizani, akautazama mshale, akamtazama na karani, na hesabu ikipungua hata kidogo husema pale pale. Nami namsifu, maana ile ni jasho lake. Basi namwuliza mkulima huyo: Ikiwa iliki yako wataka ipimwe, kwa nini dawa ya mtoto wako mwenye homa waridhika ikisiwe kwa kiganja cha mkono? Hilo ndilo neno langu la leo. Nitaeleza kwanza faida za vinywaji vyetu, kisha jinsi majani na magome mengine yalivyopata kuwa dawa ya kweli, na mwisho nitaonyesha mpaka uliopo kati ya kinywaji na dawa.

VINYWAJI VYETU

Tuanze na mchaichai. Huu ni wa jamii ya nyasi, na asili yake ni nchi za Asia, walakini sasa ni mwenyeji kwetu. Hapana kijiji kisicho na shina lake nyuma ya jiko au kando ya kisima. Katika jani lake mna mafuta yenye kunukia kama ndimu, na mafuta hayo ndiyo yatoayo harufu ile ijazayo nyumba asubuhi. Mtu asiye na fedha ya kununua chai ya dukani huchuma majani matatu manne, akayafunga fundo, akayatia katika sufuria, akapata kinywaji chema bila gharama.

Watu wa pwani nao tangu zamani wana kahawa yao chungu, nao hupenda kuitia tangawizi. Muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, akigonga vikombe, na wazee barazani humwita. Tangawizi hutiwa katika chai vilevile, pamoja na iliki, mdalasini na karafuu. Wengine hutia jani la mrehani kwa ajili ya harufu yake. Majani ya mpera huchemshwa kwa mtu anayeharisha. Mvumbasi hutumiwa kwa mafua, na tena hufukizwa nyumbani ili kufukuza mbu. Maua ya rozela hutoa kinywaji chekundu chenye uchachu. Majani ya mlonge hukaushwa yakasagwa, mengine yakaliwa kama mboga. Na mwarobaini, mti uliotujia kutoka Bara Hindi, watu waliuita hivyo kwa kuwa walisema waponya maradhi arobaini.

Hivi vyote ni urithi, nasi hatupaswi kuuonea haya. Kijana atokaye shuleni akacheka buli la bibi yake ni mjinga, hata kama amefaulu mitihani yote. Ila urithi nao wataka hesabu. Mtu akirithi shamba, kazi ya kwanza ni kujua mipaka yake.

FAIDA ZAKE

Faida ya kwanza haimo katika jani, imo katika maji. Mtu achemshaye mchaichai amechemsha maji, na maji yakitokota sawasawa, vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu hufa. Nyumba inywayo maji ya mto yasiyochemshwa, na nyumba inywayo mchaichai uliotokota, zaweza kuwa jirani na zikateka maji mahali pamoja, walakini hazitapata maradhi sawa. Twausifu mmea, na moto nao wastahili nusu ya sifa hiyo. Kwa hiyo anayetia majani katika maji ya vuguvugu ili kuokoa kuni amepata harufu, amekosa faida iliyo kubwa.

Faida ya pili ni kumnywesha mgonjwa. Mtu mwenye homa hutoka jasho, na mwenye kuharisha hupoteza maji mengi kwa saa chache. Maji matupu humchukiza, lakini kikombe chenye harufu nzuri aweza kukipokea. Hapa nataka akina mama wanisikilize sana. Mtoto anayeharisha huuawa zaidi na kukauka kwa maji mwilini kuliko na tumbo lenyewe. Majani ya mpera peke yake hayawezi kumrudishia chumvi iliyotoka. Zahanati hutoa pakiti za chumvichumvi ya kuchanganya na maji, pamoja na vidonge vya zinki. Hizo ndizo za kutafuta kwanza. Zisipopatikana upesi, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu ya kijiko kidogo, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu, visiwe vya kilima. Mnyweshe kidogo kidogo, na kama ananyonya aendelee kunyonya. Mnaona kwamba hata hapa pana kipimo: chumvi ikizidi humdhuru mtoto, ikipungua haimfai.

Faida ya tatu ni ya tangawizi. Wataalamu wameichunguza, wakaona kwamba hupunguza kichefuchefu, hata kile cha mama mjamzito katika miezi ya kwanza. Kadhalika kinywaji cha moto hulainisha koo na kulegeza kamasi, na asali huipunguza kero ya kikohozi. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kabisa, kwa kuwa yaweza kuwa na mbegu za kijidudu kiletacho sumu katika tumbo lake changa.

Faida ya nne yawahusu wenye shinikizo la damu. Kinywaji cha rozela kimepimwa kwa watu, kikaonekana chashusha shinikizo kwa kiasi kidogo. Hiyo ni habari njema, walakini isimfanye mtu aache vidonge vyake. Na anayevinywa vidonge na kunywa rozela kwa wingi, na amwambie mganga wake, maana viwili vivutavyo upande mmoja vyaweza kuvuta kupita kiasi.

Faida ya tano ni ya chakula chetu. Chai ya dukani iliyokolea, ikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili usipate sawasawa madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga za majani. Kwa mama mjamzito na kwa mtoto mwenye upungufu wa damu hilo si jambo dogo. Yafaa chai hiyo ingoje kama saa nzima baada ya kula. Tena vinywaji hivi vyetu vyatosha bila sukari nyingi. Mtu anayetia vijiko vinne katika kikombe cha mchaichai, kisha akasema anakunywa dawa, na ajiulize ni kipi alichokunywa zaidi, jani au sukari.

Hizo ndizo faida, nami nazikubali zote. Lakini mumeona kwamba sikusema popote kwamba kikombe huponya malaria. Sasa nitaeleza kwa nini.

GOME LA KWININI

Wengi wenu mwaijua Amani. Mwaka wa 1902 Wajerumani walianzisha huko kituo cha uchunguzi wa mimea, wakaleta miti ya nchi nyingi, na mmoja wao ulikuwa mti wa kwinini. Asili ya mti huo ni milima ya Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 mapadre Wajesuiti walilipeleka gome lake Ulaya, likasagwa, likanywewa ndani ya mvinyo, na watu wengi wenye homa wakapona.

Wengi, si wote. Hapo ndipo penye shabaha ya maneno yangu. Gome moja lilikuwa kali na jingine hafifu, na lingine halikuwa la mti ule kabisa, wafanya biashara walikuwa wamelichanganya. Kikombe kimoja kilimponya mtu, na kikombe cha rangi ile ile na uchungu ule ule kikamwacha mwenziwe afe. Mpaka mwaka wa 1820, huko Paris, Pelletier na Caventou walipoitoa kwinini yenyewe ndani ya gome, ikawa unga wa kuwekwa juu ya mizani. Tangu siku ile mganga aliweza kusema, "Mtu huyu na apewe kiasi hiki." Baadaye, mwaka wa 1865, mbegu za mti wa aina bora zilitolewa Bolivia na kuuziwa Waholanzi, wakazipanda Java. Gome la miti hiyo lilipopimwa likaonekana lina kwinini hata kupita sehemu 10 katika 100, hali magome ya aina nyingine yalikuwa na sehemu chache mno. Kwa macho miti ile ni ndugu. Mizani ndiyo iliyowatenga.

Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 askari wa Kijerumani katika nchi hii walifungiwa njia ya bahari, na vidonge vya kwinini vikawaishia. Wakachemsha gome, wakanywa maji yake. Yalikuwa machungu kupita kiasi, na askari wakayabandika jina la mzaha, Lettow-Schnaps, yaani kileo cha Lettow, kwa jina la jemadari wao von Lettow-Vorbeck. Kinywaji kile kiliwafaa katika dhiki. Lakini kilikuwa kinywaji cha dhiki, cha watu waliokosa vidonge, hawakukichagua kwa kukipenda.

JANI LA UCHINA

Habari ya pili yatoka Uchina, nayo ni ya mmea wa jamii ya pakanga, uitwao Artemisia. Katika karne ya 4 mwandishi mmoja wa dawa, Ge Hong, aliandika kwamba mwenye homa za vipindi na achukue konzi ya mmea huo, auloweke katika maji, aukamue, anywe maji yake. Miaka zaidi ya 1,600 ikapita. Mwaka wa 1967 Serikali ya Uchina iliwakusanya wataalamu watafute dawa mpya ya malaria, na baadaye bibi mmoja, Tu Youyou, akawekwa juu ya kundi lililochunguza dawa za asili. Walijaribu mmea huo, ukafaa mara moja, mara nyingine usifae. Bibi huyo akarudi kulisoma neno la Ge Hong, akatambua kwamba yule mzee hakusema kuchemsha. Alisema kuloweka na kukamua. Akafikiri huenda moto mkali ndio uharibuo nguvu ya jani. Akatumia njia ya moto mdogo, na mwaka wa 1971 akapata dawa iliyowaua vijidudu vya malaria katika wanyama. Mwaka wa 1972 dawa yenyewe, artemisinini, ilipatikana ikiwa safi. Mwaka wa 2015 bibi huyo alipewa Tuzo ya Nobel.

Nawaomba mwiangalie habari hii pande zote mbili. Upande mmoja yatuambia kwamba maneno ya wazee si ya kutupwa. Kama bibi yule angedharau kitabu cha kale, asingepata kitu. Upande wa pili yatuambia kwamba neno la mzee lilikuwa mwanzo wa kazi, na kazi ilikuwa bado. Ilibaki kulitoa lile lenye nguvu ndani ya jani, kulipima, na kujua mtu wa uzito huu apewe kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi.

Hiyo ndiyo asili ya dawa mseto tupewayo zahanati, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka wa 2006. Vidonge vyake hutolewa kwa uzito wa mgonjwa, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Ndani yake mna dawa mbili, moja ya asili ya Artemisia iuayo upesi, na nyingine ikaayo mwilini kumaliza vijidudu vilivyosalia.

Hapo mtu atasema, "Kama dawa yatoka katika jani, mimi nitapanda jani langu nyumbani, ninywe chai yake, nisipate taabu ya kwenda zahanati." Shauri hilo laonekana la akili, nami nimelisikia kwa watu wenye akili. Walakini Shirika la Afya Duniani limelikataa, na lilitoa maelezo yake mwaka wa 2019. Sababu zake karani yeyote atazifahamu. Kiasi cha dawa katika majani si kimoja. Hubadilika kwa mbegu, kwa udongo, kwa wakati wa kuvuna, na kwa jinsi ya kukausha. Tena dawa hiyo haiyeyuki vema katika maji, hivyo sehemu kubwa yaweza kubaki katika majani yatupwayo. Mgonjwa hupata nafuu, akashukuru, na baada ya siku chache homa humrudia kwa kuwa vijidudu havikumalizika.

Na hapo pana hatari nyingine impitayo yule mgonjwa mmoja. Kijidudu kilichoonjeshwa dawa kidogo kisife hujifunza kuishi nayo. Klorokwini iliwaponya watu wengi sana, kisha vijidudu vikawa sugu, na mwaka wa 2001 Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Sasa huko Rwanda, Uganda na kwetu mkoani Kagera wataalamu wameona vijidudu vilivyoanza kuistahimili hata artemisinini, ingawa dawa mseto bado yaponya. Kwa hiyo mtu anywaye dawa nusu, iwe ya kikombe iwe ya vidonge alivyoviacha katikati kwa kuona nafuu, huhatarisha dawa ya kijiji kizima.

KWA NINI MZEE HAKUSEMA UONGO

Nawaona wazee wawili watatu wanatikisa vichwa. Wasema, "Mimi nilishikwa na homa, nikanywa mwarobaini, homa ikaniacha. Je, nimesema uongo?" La, mzee wangu, hukusema uongo. Lakini sikiliza sababu.

Kwanza, si kila homa ni malaria. Mafua na homa nyingi ndogo huondoka zenyewe katika siku chache, mtu akinywa mwarobaini au akinywa maji. Pili, mtu aliyezaliwa na kukulia katika nchi ya mbu, akaumwa malaria mara nyingi toka utotoni, mwili wake umejifunza kupigana nayo. Humshika, ikamlaza, kisha mwili wake ukaishinda kwa sehemu kubwa. Kikombe kikapata sifa ya vita ambavyo damu yake mwenyewe ilivipigana.

Mtoto wa chini ya miaka 5 bado hana nguvu hiyo, na mama mjamzito nguvu yake hupungua. Mtoto akipewa kikombe kile kile kilichomfaa babu yake, hapati kile kilichomwokoa babu, kwa kuwa hakikuwa ndani ya kikombe. Malaria kali yaweza kumwua mtoto kwa siku moja au mbili. Wazee walituambia, "Kawia ufike," nalo ni neno jema kwa msafiri. Lakini walituambia pia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," na kwa homa ya mtoto hili la pili ndilo la kushika.

KIKOMBE CHA SAMUNGE

Hamkosi kukumbuka mwaka wa 2011. Katika kijiji cha Samunge, huko Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi ya mti uitwao mugariga, kwa shilingi 500. Watu walikwenda kwa maelfu, kutoka nchi hii na nchi jirani, kwa magari na hata kwa ndege. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Mzee huyo alifariki mwaka wa 2021, nami sikusimama hapa kumshitaki. Shilingi 500 si bei ya mtu aliyetaka kujitajirisha kwa mgonjwa mmoja mmoja. Wala siwacheki waliokwenda. Mtu mwenye maradhi yasiyopona akisikia habari ya tumaini, atawezaje kukaa?

Walakini lazima tusome lililoandikwa. Wako wagonjwa waliokufa njiani wakingoja zamu yao, na wengine walitolewa katika vitanda vya hospitali ili wapelekwe. Wako waliorudi nyumbani wakaacha dawa zao za kupunguza makali ya Ukimwi, au za kisukari, kwa kuwa waliamini wamekwisha pona. Kikombe kilikuwa kimoja, cha kiasi kimoja, kwa mtu mzima mwenye kisukari na kwa mwenye Ukimwi na kwa mwenye saratani. Mkulima asiyekubali iliki na karafuu zipimwe pamoja katika gunia moja na aniambie kama hesabu hiyo yamridhisha.

MASHAURI YANGU

Sasa nakuja kwenye mashauri, nayo ni haya.

Kwanza, endeleeni kunywa mchaichai, tangawizi, na majani mengine mliyoyazoea kama vinywaji. Osheni majani, maji yatokote vizuri, funikeni sufuria ili harufu isipotee, chujeni, mnywe. Pandeni mashina karibu na nyumba, si kando ya choo wala mahali panapopuliziwa dawa za wadudu.

Pili, mmea msioujua msiuchemshe. Mimea mingine hufanana kwa majani na hutofautiana kwa sumu. Mizizi na magome aghalabu ni makali kuliko majani. Mwarobaini usipewe mtoto mchanga wala mama mjamzito; mafuta ya mbegu zake yamepata kuwadhuru sana watoto wachanga.

Tatu, mtoto akishikwa na homa, apelekwe zahanati siku ile ile, au kesho yake asubuhi ikiwa usiku umeingia naye hana dalili kubwa. Huko atatobolewa kidole, na kwa tone moja la damu itajulikana kama ni malaria au siyo. Akipewa dawa mseto aimalize siku zote tatu, hata kama siku ya pili anacheza. Lakini mkiona degedege, au anatapika kila kitu, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anapumua kwa shida, au amelala usingizi usioamshika, msingoje asubuhi wala msichemshe kitu. Mbebeni mwende.

Nne, mkifika kwa mganga wa hospitali, semeni mlichokwisha kunywa. Wengine huficha kwa kuogopa kukemewa. Mficha maradhi kifo humwumbua. Na ninyi vijana mfanyao kazi katika zahanati, nawaomba msimkemee mama aliyesema kweli, maana mkimkemea leo, kesho ataficha, na kesho kutwa hatakuja.

Tano, tuwaheshimu waganga wa miti shamba walio wa kweli. Iko Sheria ya mwaka wa 2002, na liko Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala liwaandikishalo. Huko Muhimbili tangu mwaka wa 1974 wataalamu wanachunguza dawa za miti. Mzee mwenye elimu ya mti fulani asiende nayo kaburini. Na aifikishe kwa watu hao, ipimwe. Ge Hong aliandika, na kwa kuwa aliandika, watu wa Bara lote la Afrika wanapona leo kwa vidonge vitokavyo katika neno lake. Je, ni maneno mangapi ya wazee wetu yaliyozikwa pamoja nao kwa kukosa mtu wa kuyaandika? Hiyo ni kazi ya vijana waliosoma, na katika kijiji chenye shule hakuna udhuru.

Mabwana na akina mama, mimi ni mtu wa daftari na kalamu, nami nimesema kwa jinsi kazi yangu ilivyonizoeza kufikiri. Jani la nyuma ya jiko ni zawadi, na lipewe heshima ya zawadi: linywewe kwa furaha, jioni, na jirani akaribishwe. Ila linapokuja jambo la uhai wa mtoto, tusimpe kwa kukisia kile ambacho ulimwengu umekwisha kukipima. Iliki ina mizani yake sokoni. Mtoto naye anayo mizani yake, ile ya kuning'inia pale zahanati, ambayo akina mama mwaijua tangu siku za kliniki. Apimwe humo kwanza, ndipo apewe dawa yake.

 Mwenye swali na aulize.